Kugandisha Mbegu za Kiume: Hatari Iko Njiani, Si Ghalani

Wengi wanaofikiria kuhifadhi mbegu za kiume kwa ajili ya upandikizaji mimba huanza na swali moja: zitakaa muda gani kabla hazijaharibika? Ni swali la mtu aliyezoea nyama ya kwenye friza, na linapeleka wasiwasi mahali pasipostahili. Mbegu iliyokwisha kutulia ndani ya nitrojeni ya maji, kwenye nyuzi -196 za Selsiasi, haina la kuogopa sana. Ama imevuka salama safari ya kugandishwa ama imekufa kabla ya kufika huko, na mtihani wa pili unaisubiri siku ya kutolewa. Anayelishika hilo hatasumbuliwa sana na uvumi mwingi unaozunguka jambo hili.

“Zikikaa sana zinachakaa”

Chini ya nyuzi -130 hivi, molekuli za maji hazina tena nafasi ya kusogea, na bila maji yanayosogea kemia ya uhai husimama. Vimeng'enya havifanyi kazi, bakteria hawazaliani. Kinachobaki ni mionzi ya asili inayopita kila mahali, nayo ni hafifu kiasi kwamba ingehitaji karne nyingi kuleta madhara ya maana. Mwaka 2004 wataalamu wa Manchester, Uingereza, waliripoti kuzaliwa kwa mtoto kutokana na mbegu zilizokaa miaka 21. Baba yake alizihifadhi akiwa kijana wa miaka 17, kabla ya kutibiwa saratani ya korodani. Tangu Julai 2022 sheria ya Uingereza inaruhusu kuhifadhi hadi miaka 55, mradi idhini ihuishwe kila baada ya miaka 10. Ukomo huo umewekwa na bunge. Mbegu zenyewe hazihesabu miaka.

Muda ukimtisha mtu, afadhali atishwe na mtungi wa nitrojeni zinamohifadhiwa mbegu. Nitrojeni huvukiza mchana na usiku na lazima iongezwe. Machi 2018, mtungi wa kituo kimoja cha Cleveland, Marekani, ulipanda joto bila kugunduliwa, na mayai na viinitete zaidi ya 4,000 vikapotea. Kwa hiyo uliza kuhusu kengele ya tahadhari, nani huipokea usiku wa manane, na kama sampuli zako zinagawanywa kwenye mitungi miwili.

“Baridi ndiyo inayoua, basi njia yoyote ya kupooza ni ile ile”

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Baridi peke yake mbegu ya binadamu huistahimili kuliko za wanyama wengi; mbegu za nguruwe, kwa mfano, huathirika vibaya hata kwa kupoozwa ghafla bila kugandishwa. Mwaka 1776 Mtaliano Lazzaro Spallanzani aliona mbegu zilizowekwa kwenye theluji zikiacha kutembea, kisha zikarudia mwendo zilipopashwa joto. Kinachoua ni maji kugeuka barafu.

Barafu ikianza kujijenga nje ya mbegu huchukua maji matupu na kuacha chumvi. Maji yaliyobaki yanazidi kuwa makali, nayo huvuta maji kutoka ndani ya mbegu, ambayo husinyaa. Ukipooza polepole mno, mbegu inakauka na kukaa muda mrefu katika chumvi hiyo. Ukipooza haraka mno, maji ya ndani hayapati nafasi ya kutoka, yanagandia humo humo, na vipande vya barafu huchana utando wake. Mwaka 1972 Peter Mazur na wenzake walizieleza hatari hizi mbili kwa pamoja, na tangu hapo kazi ya maabara ni kutafuta mwendo wa katikati. Ukanda mbaya zaidi ni kati ya nyuzi -5 na -50 hivi. Mbegu haikai humo. Inapitishwa kwa mpango.

Hilo linajibu pia suala la friza ya nyumbani. Nyuzi -18 ziko ndani kabisa ya ukanda huo. Chembe za barafu huendelea kukua, ndogo zikimezwa na kubwa, na chumvi huendelea na kazi yake. Sampuli iliyowekwa humo imeharibika, hata kama kwa macho inaonekana imeganda vizuri.

Ilikuwaje basi mambo yakawezekana? Kwa bahati, tena ya chupa. Mwaka 1949 jijini London, Chris Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa kutumia sukari, bila mafanikio. Ghafla chupa moja ikafanya kazi. Walipochunguza, kilichokuwemo hakikuwa sukari waliyoikusudia bali giliseroli. Lebo zilikuwa zimechanganyika. Giliseroli huingia ndani ya seli, hushikamana na maji na kupunguza kiasi kinachogeuka barafu. Miaka 4 baadaye, mwaka 1953, Raymond Bunge na Jerome Sherman wa Iowa, Marekani, waliripoti mimba za kwanza za binadamu kutokana na mbegu zilizogandishwa kwa barafu kavu.

“Dawa ya kinga ikizidi ndiyo salama zaidi”

Dawa hiyo ya kinga, yaani giliseroli, nayo ina sumu yake, na hata isingekuwa nayo, kuimwaga yote kwa mkupuo hubadilisha msukumo wa maji na mbegu inasinyaa na kuvimba kwa ghafla. Kwa hiyo huongezwa tone kwa tone, huku sampuli ikitikiswa taratibu, mara nyingi pamoja na kiini cha yai la kuku, ambacho mafuta yake huulinda utando. Kuitoa baada ya kuyeyusha ni kazi ya subira vile vile: kioevu cha kusafishia huongezwa kidogo kidogo. Fundi mwenye haraka anaweza kuzipoteza hapa mbegu zilizookoka kwenye barafu.

“Kuyeyusha ni kazi ndogo, maji ya moto yanatosha”

Kuyeyusha ni kuvuka ukanda ule ule, safari hii ukirudi. Chembe ndogo za barafu zikipewa muda hukua upya, kwa hiyo kilichogandishwa haraka lazima kipashwe haraka. Lakini haraka hiyo ina mpaka: maabara nyingi hutumia maji ya nyuzi 37 kwa dakika chache, au huacha mrija wenye mbegu ufike joto la chumba kwanza. Ukizidisha nyuzi 40, unazipika mbegu zile zile ulizozivusha salama. Na zikishayeyuka zitumike siku hiyo. Kugandisha tena kunawezekana, ila kila safari ina vifo vyake.

Ipo njia nyingine, ya kugandisha kwa kasi kubwa kiasi kwamba maji yanakuwa kama kioo bila kupitia barafu. Inavutia, kwani mbegu ni ndogo na ina maji machache, hivyo inaweza kupita bila giliseroli, kwa sukari na protini tu. Kwa mayai njia hii imeshika. Kwa mbegu bado inafaa matone madogo tu, na pale ambapo tone hugusana na nitrojeni moja kwa moja huja suala la usafi. Anayekuambia kwamba njia ya zamani imepitwa na wakati anakuuzia kitu.

“Zikiamka zote ndiyo maabara nzuri”

Hakuna maabara ya namna hiyo. Kwa kawaida karibu nusu ya mbegu zilizokuwa zikitembea hupoteza mwendo, na zilizoanza dhaifu hupoteza zaidi. Utando wa mbegu una mafuta mepesi yanayoharibiwa na oksijeni kali inayozalishwa wakati wa kupooza na kupasha, na mbegu haina akiba kubwa ya kinga. Ndiyo maana watu wamejaribu kuongeza vitamini E na antioksidanti nyingine (vitu vinavyozuia oksijeni hiyo kali) kwenye kioevu. Baadhi ya majaribio yameleta nafuu, mengine hayakuleta. Kumeza vidonge usiku wa kuamkia siku ya kutoa sampuli hakusaidii kitu, kwani mbegu hutengenezwa kwa zaidi ya miezi 2.

Hasara hiyo haimaanishi mwenye mbegu chache asijisumbue. Tangu mwaka 1992, ilipotangazwa njia ya kuchoma mbegu moja moja ndani ya yai kwa sindano, mbegu chache hai zinatosha, hata zilizotolewa kwenye korodani kwa upasuaji. Kijana anayekwenda kuanza tibakemia, yaani dawa kali za saratani, asiambiwe kwamba sampuli yake ni mbovu mno. Agandishe kabla ya dozi ya kwanza, si baada yake.

Nyingine za kupita haraka

Kujizuia mwezi mzima ili mbegu “zikomae” hakufai. Shirika la Afya Duniani linashauri siku 2 hadi 7. Zinazokaa muda mrefu mwilini huzidi kuharibika. Sampuli ifikishwe maabara ndani ya saa moja, bila kupigwa na jua wala baridi.

Kugandisha hakuui virusi. Mwaka 1995 madaktari wa London waliripoti homa ya ini aina ya B kuambukizwa kati ya wagonjwa ambao uboho wa mifupa yao ulihifadhiwa kwenye mtungi mmoja wa nitrojeni. Kwa sababu hiyo wenye sampuli hupimwa kwanza, mirija huzibwa vizuri, na sampuli zenye maambukizi hupewa mtungi wake.

Watoto? Wamezaliwa wengi kwa njia hii kwa zaidi ya miaka 70, na kugandisha hakujaonekana kuongeza kasoro za kuzaliwa.

Mwisho, lile ambalo wengi husahau kuomba: siku ya kugandisha, maabara iyeyushe mrija mmoja mdogo na kuhesabu zinazotembea. Namba hiyo, ikilinganishwa na ya kabla ya kugandisha, ndiyo itakayomwambia daktari kama mbegu ziwekwe kwenye mfuko wa uzazi au zichomwe moja moja ndani ya yai, na kama inafaa kutoa sampuli nyingine mapema.