Wafuasi wapya wa Odin na Thor: wamerithi nini hasa kutoka kwa wazee wao?

Kaskazini mwa Iceland, karibu na ziwa Mývatn, kuna magofu ya ukumbi wa enzi za Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, mahali paitwapo Hofstaðir. Ukumbi huo ulikuwa na urefu wa mita 38 hivi. Wanaakiolojia walioufukua upya kuanzia miaka ya 1990 walipata mafuvu ya ng'ombe yasiyopungua 23, na mengi yana alama ya pigo la shoka katikati ya macho. Inaonekana pia kwamba mnyama alikatwa kichwa papo hapo kwa pigo la pili. Mtu anayetaka nyama tu hachinji hivyo; hii ilikuwa kafara. Kazi hiyo inataka watu wenye nguvu na mazoezi, na damu huruka juu kila mtu akiiona. Upande wa nje wa mafuvu umechakaa kwa mvua na upepo, kwa hiyo yalitundikwa nje kwa muda mrefu.

Katika kazi yangu ya historia ya dini naulizwa mara kwa mara kama wapagani wa leo wa Ulaya, wanaowaheshimu Odin, Thor na miungu mingine iliyoabudiwa kaskazini mwa Ulaya kabla ya Ukristo, wanafuata dini ileile ya kale. Huwa naanza na mafuvu hayo, kisha naeleza ibada ya leo. Inaitwa blót, jina lilelile la zamani. Watu hukutana, mara nyingi kando ya moto, na kiongozi hutangaza amani kwa wote waliopo. Beti za kale hukaririwa, pembe yenye kinywaji ikazungushwa, na kila mmoja akasema neno lake kwa miungu, kwa waliotangulia au kwa ardhi yenyewe. Halafu watu wanakula. Hachinjwi mnyama yeyote.

Chama kinachoongoza ibada hizo nchini Iceland, Ásatrúarfélagið, kilianzishwa Aprili 1972 na serikali ikakitambua mwaka 1973. Kiongozi wake wa kwanza, Sveinbjörn Beinteinsson, alikuwa mfugaji wa kondoo na mshairi, fundi wa kughani tenzi za Kiiceland kwa mtindo wa zamani. Leo chama kina wanachama zaidi ya 5,000 katika nchi ambayo haijafikisha watu 400,000, na hupata fungu lake katika fedha ambazo serikali hugawia jumuiya za dini kulingana na idadi ya wafuasi.

Kati ya mafuvu na moto huo kuna karibu miaka elfu moja, na humo ndimo mambo yalimobadilika. Yapata mwaka 1000, Althing, baraza kuu la Iceland, lilikuwa karibu kugawanyika kati ya Wakristo na wafuasi wa miungu ya kale. Uamuzi ukaachiwa Þorgeir, mnenaji wa sheria, yaani aliyekariri sheria mbele ya baraza, ambaye mwenyewe alikuwa bado hajawa Mkristo. Inasimuliwa kwamba alilala chini ya joho lake mchana kutwa na usiku kucha, kisha akatoka na hukumu: wote wabatizwe, ila kula nyama ya farasi kusikatazwe, na anayetaka kutoa kafara afanye kwa siri. Baada ya miaka michache ruhusa hiyo nayo ikafutwa. Habari hizi tunazo kwa sababu padri mmoja, Ari Þorgilsson, aliziandika zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland, alikusanya visa vya miungu yapata mwaka 1220, naye alikuwa Mkristo. Mashairi makuu kuhusu miungu yamehifadhiwa hasa katika kitabu kimoja cha ngozi kilichonakiliwa yapata 1270, kikaja kuonekana mikononi mwa askofu mwaka 1643, kikapelekwa kwa mfalme wa Denmark. Kilirudishwa Iceland Aprili 1971 kwa meli ya kivita, na umati ukajaa bandarini kukipokea. Mwaka mmoja baadaye chama kikazaliwa. Mimi siamini kwamba hiyo ni sadfa tupu.

Vitabu hivyo vimehifadhi vizuri visa na mashairi, lakini utaratibu wa ibada vimeuhifadhi vibaya. Snorri anaeleza karamu ambayo farasi walichinjwa, damu ikakingwa bakulini na kunyunyizwa kwenye kuta na juu ya watu, nyama ikachemshwa kwenye masufuria katikati ya ukumbi. Maelezo matamu, ila yameandikwa karibu miaka mia tatu baada ya karamu yenyewe, na baadhi ya wataalamu husikia ndani yake mwangwi wa kafara za Agano la Kale. Kwa hiyo dini mpya imekuwa dini ya maneno: ubeti, kiapo, tamko. Ya kale ilikuwa zaidi dini ya damu, jungu na mgeni aliyekaribishwa mezani.

Tofauti ninayoiona kubwa kuliko hata damu ni namna mtu anavyoingia. Kiongozi wa ibada leo huitwa goði. Zamani goði alikuwa mkuu wa eneo mwenye nafasi yake barazani, na watu walikwenda kwenye karamu yake kwa kuwa walikuwa watu wake. Msomaji aliyekulia katika ukoo unaotambika ataelewa upesi: hakuna aliyejaza fomu ili awe wa tambiko la babu zake. Wa leo anajiandikisha, anaweza kujitoa kesho, na anaweza kuulizwa anaamini nini. Wazo hilo la dini kama chaguo la mtu mmoja mmoja lina deni kubwa kwa Ukristo wa Ulaya kuliko kwa Thor.

Je, basi ni dini ya bandia? Hapana, na neno hilo linaniudhi. Dini kuwa changa si kosa. Hilmar Örn Hilmarsson, mtunzi wa muziki anayekiongoza chama tangu 2003, amesema wazi kwamba haamini yuko mtu anayesadiki kuwapo kwa mzee wa jicho moja juu ya farasi wa miguu minane, yaani Odin, na kwamba visa hivyo wao huvisoma kama mafumbo ya kishairi. Hekalu walilochagua kujenga kwenye kilima cha Öskjuhlíð, Reykjavík, lilibuniwa kuwa na kuba na kuzama nusu ardhini. Halijifanyi ukumbi wa Waviking, na naheshimu uamuzi huo.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni madai kwamba damu ya mtu mweupe imebeba dini hii kwa siri tangu enzi za kale. Hakuna ushahidi wowote wa urithi wa namna hiyo. Chama cha Iceland chenyewe kimeyakataa makundi ya kibaguzi hadharani, na kimetumiwa barua za chuki kutoka nje kwa sababu kinafungisha ndoa za jinsia moja. Baadhi ya makundi hayo hutumia seti ya herufi 18 za runi, maandishi ya kale ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, wakidai kwamba seti hiyo ni ya kale. Herufi za runi za mwanzo zilikuwa 24, na enzi za Waviking zikapungua hadi 16. Hizo 18 zilibuniwa na Guido von List wa Vienna, aliyedai kufunuliwa siri yake mwaka 1902 akiwa haoni baada ya upasuaji wa macho, akazichapisha mwaka 1908.