Kabla hujauliza "tujitetee vipi": tendo, nia na utetezi kwenye kesi ya jinai

Mtu akiletewa shtaka la jinai swali lake la kwanza kwangu karibu kila mara ni "wakili, tunajiteteaje?" na mimi huwa namwambia subiri kwanza, hatujafika huko. Hebu tuangalie upande wa mashtaka wanatakiwa kuthibitisha nini. Kosa la jinai halisimami kwa sababu tu kuna mtu kaumia au mali imepotea, linasimama pale ambapo kila kitu kilichoandikwa kwenye kifungu cha sheria kimethibitishwa, kimoja kikikosekana basi kesi imeanguka hata kama mshtakiwa hajafungua mdomo. Nikishika hati ya mashtaka cha kwanza nachofanya ni kukata kifungu vipande vipande. Chukua wizi: kuna kuchukua, kuna mali, iwe ya mtu mwingine, iwe bila ridhaa yake, na kuna nia ya kumnyima mali hiyo kwa kudumu. Uliyebeba simu ya mwenzio ukidhani kwa dhati ni yako umechukua kweli, lakini nia ya wizi iko wapi?

Kwa nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza vipande hivyo vinagawanyika makundi mawili, tendo na nia, zile mawakili wanaziita kwa Kilatini actus reus na mens rea. Tendo lazima liwe la hiari, yaani mtu aliyeshikwa na kifafa ghafla mkono wake ukampiga jirani hajafanya tendo lolote kisheria. Na kutotenda je? Kwa kawaida sheria za namna hii hazikulazimishi kumwokoa mtu usiyemjua, inauma lakini ndivyo ilivyo, isipokuwa una wajibu: wewe ni mzazi wa mtoto, au ni kazi uliyoajiriwa kuifanya, au hatari yenyewe umeianzisha wewe. Kuna kesi ya Miller, Uingereza 1983, jamaa alilala na sigara ikawasha godoro, akaamka akaona moto, akahamia chumba kingine akaendelea kulala. Hakuwasha moto kwa makusudi, lakini kuuacha baada ya kuuona ndio kulikomtia hatiani.

Halafu kama kosa linahitaji matokeo, mfano kifo, lazima tendo lako ndilo lililoyaleta. Mwaka 1910 kijana mmoja aliyeitwa White alimwekea mama yake sayanaidi kwenye kinywaji, mama akakutwa amekufa, glasi iko pembeni. Uchunguzi wa daktari ukaonyesha amekufa kwa moyo, sumu haikuhusika. Nia ya kuua ilikuwepo mia kwa mia, kifo kipo, lakini kamba ya kuunganisha hivyo viwili haipo, kwa hiyo akatiwa hatiani kwa kujaribu kuua tu.

Kwenye nia watu wanachanganya sana. Nia sio sababu ya kufanya. Mtu aliyemuua mgonjwa wake kwa huruma ili asiteseke amekusudia kuua kama yule aliyeua kwa ajili ya urithi, huruma inaweza kuingia kwenye adhabu lakini haifuti nia. Na nia ina ngazi zake, kuna kukusudia kabisa, kuna kuiona hatari ukaamua liwalo na liwe, kuna uzembe, na kuna makosa kama mengi ya barabarani ambayo hayaulizi nia kabisa, umezidisha spidi umezidisha.

Sasa hapa ndio pananivutia zaidi: tendo na nia lazima vikutane. Kuna kesi ya Fagan, dereva wa Uingereza, 1968, askari anamwelekeza apaki gari, tairi likapanda mguuni kwa askari. Anaambiwa aondoe gari, akajibu jeuri, injini ikazima, akakaa kidogo ndio akasogeza. Utetezi wake ulikuwa na akili kweli, alisema tairi lilipopanda sikukusudia, na nilipokusudia sikufanya kitu, nilikaa tu. Mahakama wakasema hapana, tendo liliendelea muda wote tairi likiwa mguuni, na nia ilipoingia katikati vikawa vimekutana. Kesi ya Thabo Meli, iliyotoka Basutoland ambayo leo ni Lesotho, ilifika Privy Council London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, 1954 ikiwa ngumu zaidi. Washtakiwa walimpiga mtu kichwani ndani ya kibanda kwa mpango wa kumuua, wakaamini amekufa, wakamviringisha kwenye mteremko wa mwamba ionekane ni ajali. Kumbe alikuwa hai, akafa baadaye kwa baridi akiwa ametelekezwa pale. Wakadai pigo lenye nia halikuua, na kilichoua hakikuwa na nia maana tulidhani ni maiti. Walishindwa, mahakama ilikataa kuukata mpango mmoja vipande viwili. Naikubali ile hukumu, kwa sababu kosa lao kuhusu saa ya kifo halipunguzi chochote kwenye walichokuwa wamedhamiria.

Turudi kwenye "tunajiteteaje". Mengi watu wanayoyaita utetezi ni kukanusha kipande cha kosa tu. "Ilikuwa bahati mbaya" ni kukanusha nia. "Sikuwepo" ni kukanusha tendo. Na tofauti hii ni kubwa kwa sababu ya mzigo wa kuthibitisha. Chukua kesi ya Woolmington wa Uingereza, alikuwa kijana wa miaka 21, mke wake alikuwa ameondoka, akamfuata na bunduki akitaka kumtishia kwamba atajiua asiporudi, anasema ikafyatuka yenyewe, mke akafa. Jaji akaliambia baraza la waamuzi (jury, raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) kwamba kifo kikishathibitishwa ni juu ya mshtakiwa kuonyesha kuwa ilikuwa bahati mbaya, wakamtia hatiani kwa mauaji. Mwaka 1935 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza wakati huo, wakaifuta hukumu ile: mashtaka ndio wanaothibitisha nia bila kuacha shaka ya msingi, mshtakiwa akiacha shaka tu inatosha. Kwangu mimi kila wakili wa jinai anafanya kazi juu ya msingi ule.

Utetezi wa kweli ni pale unaposema ndio nilifanya na nilikusudia, lakini. Kujihami ndio maarufu, na vitu viwili vinaangaliwa, je ililazimu kutumia nguvu, na nguvu ililingana na hatari kama ulivyoiona pale? Aliyekushambulia akishaanguka na hatari imeisha, pigo la baada ya hapo ni kisasi. Ukishaonyesha msingi wa kujihami kwenye ushahidi, ni mashtaka tena wanaotakiwa kuuvunja. Ugonjwa wa akili ni tofauti, huo mshtakiwa anauthibitisha mwenyewe, kwa kigezo kilichotokana na kesi ya M'Naghten ya 1843: ugonjwa ulimfanya asijue anachofanya, au asijue kwamba ni kosa. Na akishinda sio lazima aende nyumbani, wengi wanapelekwa hospitali chini ya ulinzi. Ulevi wa kujitakia kwa sehemu kubwa hausaidii. Shida na njaa je? Mwaka 1884 mabaharia wa Kiingereza, Dudley na Stephens, baada ya meli kuzama wakakaa siku nyingi kwenye mtumbwi baharini bila chakula wala maji, walimuua kijana wa kazi wa melini wakamla. Mahakama ilikataa kwamba dhiki inahalalisha kuua, wakahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa hadi miezi 6 jela.

Kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza siulizi "una utetezi gani", nauliza ulikuwa wapi, saa ngapi, na nani, simu yako ilikuwa wapi. Kama ni "sikuwepo", nchi nyingi zinataka taarifa itolewe mapema na majina ya mashahidi, ukisubiri mpaka siku ya kujitetea mahakama inaweza kuipa uzito mdogo hata kama ni ya kweli. Na usitoe maelezo polisi ya "nilimpiga kwa sababu" kabla hujaongea na wakili, maana nusu ya kwanza ya sentensi hiyo umeshawapa tendo, na pengine na nia pia, bure.