Nani kakaa mbele ya skrini? Déjà Vu kwa jicho la muediti

Mi kazi yangu kuediti video, kwa hiyo muvi za kuchunguza watu kwa kamera siwezi kuziangalia kwa raha kama wenzangu, kila shoti najiuliza hapa tumeazima macho ya nani. Watu wakiongelea weusi kwenye muvi za Hollywood wanahesabu sura kwenye posta, wangapi weupe wangapi weusi, basi. Ila muvi ambayo stori yake yote ni kuchungulia, hesabu hiyo haitoshi. Angalia nani kakaa mbele ya skrini na nani yuko ndani ya skrini.

Chukua Déjà Vu ya Tony Scott, 2006. Feri inalipuliwa New Orleans, wanakufa zaidi ya watu 500. Steringi ni Denzel Washington, anaitwa Doug Carlin, mpelelezi, anapelekwa kwenye maabara ya serikali yenye mtambo wa kuonyesha mambo yalivyokuwa siku nne na masaa kadhaa nyuma, engo yoyote unayotaka, mpaka chumbani kwa mtu, ila hakuna kurudisha, ikipita imepita. Sasa wale wataalamu wana mtambo lakini hawajui wautazamishe wapi, Doug ndo anawaambia mfuateni yule dada, Claire, aliyeuawa na mlipuaji. Yani jicho la serikali linaelekezwa na mtu mweusi, na mlipuaji anayewindwa ni mzungu anayejiona mzalendo, miaka mitano tu baada ya Septemba 11, kipindi ambacho gaidi wa muvi ukimtaja tu watu washamchora Mwarabu.

Linganisha na Minority Report ya 2002, ile ya polisi wanaoona mauaji kabla hayajatokea. Mji wa Washington mwaka 2054, anayepangapanga picha za uhalifu kwa mikono ni Tom Cruise, weusi wapo wachache pembeni. Huo mji sensa ya 2000 ilikuta weusi ni zaidi ya nusu ya wakazi! Sijui walihamia wapi.

Lakini Déjà Vu nayo isisifiwe ikapitiliza, maana kuna Claire mwenyewe, Paula Patton. Tunamjua kwanza kama maiti. Halafu tunamwona kupitia ukuta wa nyumba yake, akiwa peke yake, anaoga, na kikosi kizima kimemkodolea macho. Angalia uediti wake: sura ya Doug, kata, Claire, kata, Doug tena. Tunafundishwa kumpenda huyu dada kupitia macho ya mtu ambaye yeye hajawahi kumwona, hapo kwa kweli ni demu wa steringi tu. Mpaka Doug anawasha kalamu ya leza kwenye skrini na Claire anashtuka kule kwake. Hiyo shoti naipenda kuliko milipuko yote, picha imegeuka mtu.

Kumbe mtambo hauonyeshi tu, unaweza hata kumrudisha mtu nyuma. Mwisho wake ndo kwenye kibanda umiza, pale mtaani tunapolipia kuangalia muvi, tulibishana sana, maana sheria inajulikana, steringi hafi, na hapa Doug aliyerudi nyuma kuokoa feri anakufa na bomu chini ya maji! Claire anatoka salama. Halafu bandarini anakuja Doug mwingine, yule wa siku zote, anamhoji kama shahidi wa kawaida, na Claire anamtazama tu. Yeye sasa ndo anamjua mwenzake nje ndani, Doug hana habari.