Yoga nyumbani bila mwalimu: ukuta, leso na pumzi

Wengi wanaofika kliniki yetu ya fiziotherapia wakiwa wameumizwa na yoga ya nyumbani si wazembe. Ni watu wenye bidii. Mtu amefuata video kwenye simu, akaona kichwa cha mwalimu kimefika gotini, naye akakilazimisha chake. Wiki mbili baadaye hawezi kukaa kwenye kiti cha daladala ila kwa kuegemea tako moja. Kano ya msuli wa nyuma ya paja, pale inaposhikana na mfupa wa kukalia, imechokozwa, na kano zikishachokozwa huweza kuchukua miezi kutulia.

Video inakuonyesha mwili wa mwalimu, lakini yenyewe haikuoni. Sasa nani akuangalie?

Mimi huanza na ukuta. Simama ukiupa mgongo, visigino mbele yake kidogo, makalio na mabega yakiugusa, kisha inua mikono juu polepole. Ukihisi kiuno kinajitenga na ukuta na mbavu zinachomoza mbele, ujue mabega yamefika mwisho wake na mgongo umeanza kuyalipia deni. Ishia kabla ya hapo. Halafu ugeukie ukuta, weka viganja usawa wa kiuno, rudi nyuma hatua kwa hatua huku ukiinama hadi kiwiliwili kilale kama meza. Ni mnyoosho ule ule wa kuinua makalio na kushika sakafu, ila vifundo vya mikono havibebi mzigo. Magoti yakikunjika kidogo si kosa. Mgongo ulionyooka una faida kuliko magoti yaliyonyooka.

B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune nchini India aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa kutumia mikanda, viti, kamba na vipande vya mbao ili mwili usaidiwe badala ya kushurutishwa. Huna haja ya kununua chochote: leso inatosha. Lala chali, goti moja limekunjwa, pitisha leso kwenye unyayo wa mguu wa pili na uuinue mpaka uhisi mvuto katikati ya paja. Mvuto wa katikati ya msuli haudhuru. Maumivu makali karibu na kiungo, au pale mfupa wa kukalia ulipo, ni amri ya kulegeza.

Kipimo cha pili ni pumzi. Ukiwa kwenye mkao wowote, vuta na kutoa hewa kwa pua, taratibu. Ikikatika, au ukijikuta umeibana, umevuka mpaka wako hata kama kwenye kioo unapendeza.

Kuhusu sakafu, mkeka wa ukili juu ya vigae huteleza, na godoro huzamisha vifundo vya mikono. Juu ya saruji, kunja blanketi chini ya magoti. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni akague nyayo zake baada ya kila zoezi.

Wapo wa kumwona daktari kwanza: mwenye presha isiyodhibitiwa, presha ya macho, au kisukari kilichogusa macho, kwa sababu kuinamisha kichwa chini huongeza msukumo ndani ya jicho; aliyeambiwa mifupa yake imedhoofika, ambaye asiuviringe mgongo kwa nguvu; na mjamzito. Kusimama kwa kichwa usijifunze peke yako, hata kama huna ugonjwa wowote. Shingo haikuumbwa kubeba kiwiliwili.

Chagua mikao mitano au sita uirudie mwezi mzima. Kubadilisha video kila siku kunachangamsha, lakini huwezi kujua kilichoboreka wala kilichokuumiza. Andika mstari mmoja daftarini: tarehe, dakika, panapouma. Maumivu yaliyobaki siku ya pili yake ni dalili ya kupunguza. Ganzi au moto unaoshuka mguuni ni wa kuletwa kliniki. Ukiandamana na kushindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo moja linalowaudhi wapenzi wa yoga: ile ya polepole mara nyingi ni zoezi jepesi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kwa hiyo kutembea kwa kasi usikuache.

Na ule mlalo wa mwisho, wa kulala chali na kutulia, ambao wengi huuruka kwa sababu maji ya chai yanachemka, upe dakika tano. Ukimaliza usiinuke ghafla. Geukia ubavu, tulia kidogo, sukuma sakafu kwa mkono, na kichwa kiwe cha mwisho kuinuka.