Fremu si tabaka

Uhuishaji wa fremu kwa fremu ni mfuatano wa picha tuli zinazopishana upesi kiasi cha jicho kuziona kama mwendo mmoja, na kila picha ya mfuatano huo, jinsi inavyomfikia mtazamaji, ndiyo fremu. Tabaka ni kipande cha picha kilichotengwa ndani ya faili la kuhariria, kikawekwa juu au chini ya vipande vingine ili kiweze kuguswa bila kuviathiri hivyo vingine. Fasili zenyewe hazina ubishi. Ubishi huanza mtu anapofungua kiolezo cha tangazo la wavuti katika faili la PSD, yaani faili la Photoshop, programu ya kuhariri picha, akaona matabaka manane yamepangana upande mmoja na fremu kumi na mbili zimejipanga chini, kisha akauliza matabaka manne yaliyosalia yamekwenda wapi. Hayakwenda popote, kwa kuwa idadi hizo mbili hazidaiani.

Katika Photoshop, fremu haina pikseli zake yenyewe, yaani vile vitone vya rangi vinavyounda picha. Inachohifadhi ni hali ya matabaka kwa wakati fulani: lipi linaonekana na lipi limefichwa, kila moja limekaa mahali gani, lina ukolezo kiasi gani na limewekewa madoido gani, pamoja na muda ambao hali hiyo itadumu kabla ya inayofuata kushika zamu. Ni kama daftari la mahudhurio, ambalo hueleza nani yupo na nani hayupo, lakini halimbadilishi mtu sura. Kwa sababu hiyo, ukichagua fremu ya 5 na kulisogeza tabaka la nembo kushoto, nembo itasogea katika fremu ya 5 tu. Lakini ukiwa katika fremu hiyohiyo ukaipaka nembo rangi nyekundu kwa brashi, itakuwa nyekundu katika kila fremu ambamo inaonekana. Maandishi nayo ni vivyo hivyo: neno likibadilishwa mahali pamoja limebadilika kote. (Fremu ya kwanza ina kanuni yake, kwa maana ipo alama kwenye paneli ya matabaka ambayo, ikiwa imewashwa, hueneza mabadiliko ya fremu hiyo hadi kwenye zinazofuata, na wengi huilaumu programu kabla ya kuitazama alama hiyo.)

Mgawanyo huu haukuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliombea hataza mbinu ya kuchora wahusika wa katuni juu ya karatasi angavu za seluloidi, ili mchoraji asilazimike kuirudia mandhari nzima kwa sababu tu mhusika ameinua mkono. Mandhari ilichorwa mara moja ikalazwa chini, karatasi za wahusika zikawekwa juu yake na kubadilishwa kadiri mwendo ulivyohitaji, kisha kamera ikalipiga picha rundo zima kutoka juu. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa fremu. Zile karatasi ndizo zilizokuwa matabaka. Mandhari moja iliweza kupita katika mamia ya fremu, na hakuna aliyeihesabu mara mia. Photoshop ilipopata matabaka katika toleo lake la 3, mwaka 1994, ilikuwa inarudia wazo ambalo wachora katuni walikuwa wamelizoea kwa miongo kadhaa.

Kilichovuruga mambo, kwa maoni yangu, ni GIF, muundo wa faili la picha unaoweza kubeba picha kadhaa zinazopishana, na jinsi programu nyingine zinavyoishughulikia. GIF ilitolewa na kampuni ya Marekani ya CompuServe mwaka 1987, na toleo la 1989 likaongezewa muda wa kusubiri kati ya picha na picha, unaohesabiwa kwa sehemu ya mia ya sekunde. Muundo huo una fremu tu, na tabaka kwake halipo. GIMP, ambayo ni programu nzuri ya kuhariri picha, huziba pengo hilo kwa kulifanya kila tabaka kuwa fremu wakati wa kuhamisha faili: la chini kabisa hutangulia, na muda wa kila moja huandikwa kwa milisekunde ndani ya jina lenyewe la tabaka. Aliyejifunzia humo ana haki ya kuamini kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Imani hiyo humsumbua hata anapofungua GIF iliyokwisha kukamilika, kwani GIF nyingi huhifadhi sehemu iliyobadilika tu ili faili liwe dogo. Tabaka la pili huja likiwa na jicho lililofumba pekee, uso wote ukiwa umebaki katika tabaka la kwanza, naye hudhani faili limeharibika.

Kwenye kazi ya kugeuza kiolezo cha mtu mwingine ndipo tofauti hii inapogharimu muda. Kiolezo kilichojengwa vizuri kina jina la kampuni katika tabaka moja la maandishi linalotumiwa na fremu zote, na kulibadilisha ni kazi ya dakika. Kiolezo ambacho kila fremu yake imebanwa ikawa tabaka moja bapa hakina maandishi tena, bali picha ya maandishi, na itabidi ifutwe na kuandikwa upya fremu moja baada ya nyingine. Yote mawili huitwa PSD, na yote mawili husifiwa kwamba ni rahisi kubadilisha.

Anayeagiza “badilisha maandishi ya fremu ya 5” ameomba jambo linalowezekana, ila agizo lake limekatikia njiani. Kama anataka badiliko lionekane humo tu, tabaka la maandishi litanakiliwa, nakala ibadilishwe na kuonyeshwa katika fremu ya 5 peke yake, na lile la awali lifichwe humo. Kama anataka lionekane kote, nambari ya fremu haikuhitajika. Ingefaa zaidi alitaje tabaka kwanza, kisha fremu ambamo anataka badiliko lionekane.