Nukta Nyekundu kwenye Karabini: Dhana Potofu Kuhusu Mahali pa Kuifunga

Dhana iliyozagaa zaidi miongoni mwa askari wa wanyamapori niliowatengenezea silaha hapa Malindi ni kwamba kilengeo cha nukta nyekundu kikisogezwa mbele, karibu na mdomo wa bunduki, shabaha huwa makini zaidi. Dhana hiyo haikuzuka hivihivi: katika vilengeo vya chuma, kadiri cha nyuma kinavyokuwa mbali na cha mbele, ndivyo kosa dogo la jicho linavyopungua athari. Nukta nyekundu haifanyi kazi hivyo. Taa ndogo humulika kioo kilichopakwa tabaka la kuakisi wekundu, na miale hulifikia jicho ikiwa sambamba, kana kwamba nukta iko mbali kabisa, kule iliko shabaha. Kwa hiyo nukta ya MOA 2 (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya sitini ya digrii) hufunika takriban sentimita 6 katika umbali wa mita 100, iwe kifaa kiko karibu na uso wako au kwenye ncha ya reli, ule ukanda wa bunduki wa kufungia vifaa. Kinachobadilika ni dirisha: likiwa mbele huonekana dogo, halizibi mandhari kwa anayelenga kwa macho mawili, lakini nukta huchelewa kuonekana iwapo bunduki haikukaa sawa begani.

Dhana ya pili, kwamba reli ni reli, popote ilipo kwenye bunduki, ndiyo iliyonipotezea saa nyingi zaidi. Alasiri moja ya kaskazi kijana aliniletea karabini, yaani bunduki ya mtutu mfupi, ambayo kilengeo chake alikifunga juu ya kava la mbele, lile la kushikia mkono wa kushoto. Asubuhi risasi zake ziliingia zote ndani ya sahani. Alipoegemeza kava juu ya mfuko wa mchanga na kuuvuta mkanda kwa nguvu, zilihama upana wa kiganja. “Mzee, mtutu umepinda,” alisema. Mtutu haukuwa na neno. Lililopinda, kidogo tu, ni kava, na kilengeo kikafuatana nalo. Tulikihamishia kwenye mwili wa bunduki, tukakilinganisha upya ili risasi igonge pale palipo na nukta, na risasi zikatulia, mkanda ukivutwa au ukiachwa.

Kwa sababu hiyohiyo, kifuniko cha juu cha bunduki za aina ya AK si mahali pa kuaminika, kwani hutolewa kila silaha inaposafishwa na hakirudi palepale. Afadhali reli ya ubavuni, kwa bunduki zilizo nayo.

Kuhusu kimo, wengi hudhani risasi huenda pale palipo na nukta katika umbali wowote. Kilengeo kilichoinuka sentimita 6.5 juu ya mtutu, kikilinganishwa kwa mita 50, kitapeleka risasi kati ya sentimita 5 na 6 chini ya nukta katika mita 7. Kukiinua zaidi kunaipumzisha shingo, na kunaongeza pengo hilo.

La mwisho ni la pwani yetu hasa. Watu husema skrubu ikishakazwa imekazwa. Hewa ya chumvi hula pale chuma kinapokutana na alumini, na skrubu iliyolegea haionekani kwa macho. Mimi huchora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kishikizo chake. Mistari ikiachana, kilengeo hicho hulinganishwa upya kabla ya bunduki kutoka ghalani.