"Nipandishie Kidogo": Dhana na Ukweli Kuhusu Wauzaji Kuwekeana Dau Mnadani

Ujumbe huja usiku, mnada ukiwa umebakiza saa chache. "Kaka, ile kamera yangu imekwama kwenye dola 42. Ingia unipandishie kidogo, na mimi wiki ijayo nitakusukumia yako." Anayeutuma ni mwenzako mnayeuza vitu vya aina moja kwenye eBay, soko la mtandaoni. Mnapeana habari za wateja wasumbufu na gharama za kutuma mizigo, na siku ulipokwama alikusaidia. Kumkatalia ni kugumu, na ndiyo maana zimejengeka dhana nyingi za kulihalalisha jambo hili. Nazichukulia kwa uzito, kwa sababu wengi wanaozisema wanaziamini.

Dhana: Mnunuzi alitaja kikomo chake mwenyewe, kwa hiyo hadi kikomo hicho hajaibiwa.

Anayesema hivi hajauangalia mnada wa eBay kwa karibu. Mnunuzi hataji bei anayotaka kulipa. Anataja kiwango cha mwisho ambacho asingependa kukivuka, kisha mfumo unamwekea dau taratibu, hatua moja tu juu ya mshindani wake. Bei ikiwa kati ya dola 25 na 100, hatua hiyo ni dola 1. Kikomo chenyewe kinafichwa.

Turudi kwenye ile kamera. Mnunuzi ameandika 100. Mshindani wake wa kweli ameishia 41, hivyo bei imesimama 42, na hiyo ndiyo bei ya haki ya kamera hiyo usiku huo. Rafiki wa muuzaji anaingia na 60; bei inaruka hadi 61. Anajaribu 80, inafika 81. Hapo anaacha, maana anaogopa kushinda. Mnada unafungwa na mnunuzi analipa 81. Zile dola 39 za ziada hazikutokana na mtu yeyote aliyeitaka kamera. Zimetokana na mtu aliyekuwa anapapasa mfuko wa mwenzake gizani ajue una kiasi gani.

Je, akipitiliza? Akiweka 110, anashinda yeye kwa zaidi kidogo ya 100, na halipi. Siku mbili baadaye mnunuzi anapokea ujumbe wa upole: aliyeshinda ameshindwa kulipa, kamera ni yako ukiitaka, kwa dau lako la juu. Yaani dola 100 kamili. Fursa hiyo ya pili imewekwa na eBay kwa nia njema, kwa kuwa kweli wapo wanaoshinda wasilipe, lakini mikononi mwa marafiki wawili inageuka mtego.

Dhana: Najilinda tu bei isianguke.

Hofu hii naielewa. Kuuza kwa dola 12 kitu ulichokinunua kwa 50 kunauma. Lakini kinga zipo, tena za wazi: anza na bei ya juu zaidi, weka bei ya akiba ambayo isipofikiwa kitu hakiuzwi, au achana na mnada uuze kwa bei moja uliyoipanga mwenyewe. Katika zote tatu mnunuzi anajua amesimama wapi.

Wala hili si jambo la zama za intaneti. Sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893 ililisema waziwazi: muuzaji akitaka kuweka dau kwenye mali yake mwenyewe, au kumtuma mtu amwekee, sharti haki hiyo itangazwe kabla. Bila hivyo, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya ulaghai. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zilichotwa kwenye kisima hichohicho.

Dhana: Dau la kwanza ni la kumfungulia mwenzako biashara tu.

Hii ndiyo dhana laini kuliko zote, na ndiyo inayowanasa watu wema. Dola 1, mnada ulikuwa tupu, na dau lenyewe litapitwa baada ya saa moja. Nani ameumia?

Fikiria stendi ya matatu Nairobi. Unaona gari limebakiza viti viwili, unakimbilia ndani, unalipa nauli. Kisha abiria mmoja anashuka, na wa pili, na wa tatu. Kumbe walikuwa wamelipwa kukaa. Sasa utasubiri nusu saa ndani ya gari tupu. Wale watu hawakukutoza hata senti, walikaa tu. Hata hivyo, wewe uliingia kwa sababu yao. Dau la kufungua hufanya kazi hiyohiyo: linamwambia mpita njia kwamba kuna mtu mwingine amekitaka kitu hiki. Ndiyo maana kanuni ya eBay haikatazi tu kupandisha bei kwa hila. Inakataza pia kukiongezea kitu mvuto, au kukipandisha nafasi yake kwenye matokeo ya utafutaji, kwa dau la aina hiyo.

Dhana: Basi muuzaji asinunue kamwe kwa muuzaji mwenzake.

La. Wafanyabiashara wamenunuliana tangu masoko yaanze, na muuzaji usiyemjua kabisa akiweka kitu unachokitaka, weka dau lako kama mtu yeyote. Shida ni uhusiano. eBay inawazuia ndugu, wafanyakazi, marafiki na watu wanaojuana mtandaoni kuwekeana dau hata wakiwa wanakitaka kitu kwa dhati, kwa sababu wanaweza kujua mambo ambayo wanunuzi wengine hawayajui. Wanaruhusiwa kununua kwa bei iliyopangwa, nje ya mnada. Mimi nadhani kanuni hiyo ni ya haki, hata pale inapokera. Na kwa asiyebanwa nayo, kuna swali moja la kujiuliza kabla ya kubonyeza: nikishinda hiki nitafurahi au nitashtuka? Dau ni ahadi ya kununua. Anayeomba Mungu asishinde ameshatoa ahadi ya uongo.

Dhana: Ni jambo dogo, hakuna anayefuatilia.

Mwezi Mei 2000, wakili mmoja wa Sacramento, California, aliweka eBay mchoro mkubwa wa rangi kwa bei ya kuanzia senti 25. Alijifanya mtu wa kawaida anayesafisha nyumba; hata akaeleza kwamba mtoto aliutoboa tundu kwa kigari chake cha plastiki. Pembeni zilionekana herufi na namba, RD52, na watazamaji wakaamini ni kazi ya Richard Diebenkorn, mchoraji maarufu wa Marekani. Mnada uliishia dola 135,805. eBay iliyafuta mauzo ilipogundua kwamba muuzaji aliweka dau kwenye mnada wake mwenyewe. Uchunguzi ukaonyesha kwamba yeye na wenzake wawili walikuwa wakiwekeana dau kwenye mamia ya minada kwa majina zaidi ya 40 ya mtandaoni. Wote watatu walikiri makosa ya ulaghai, na mmoja wao akahukumiwa kifungo mwaka 2004. Ulianza kama urafiki wa "nipandishie, nikupandishie".

Wala si lazima kiasi kiwe kikubwa hivyo. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimtoza faini ya pauni 5,000 na saa 250 za kazi za jamii mfanyabiashara wa mabasi madogo aliyekuwa akijiwekea dau kwa akaunti ya pili.

Dhana: Mnunuzi hana namna ya kugundua.

Anayo, ingawa si kamili. Fungua historia ya madau. Majina yamefichwa, lakini eBay inaonyesha ni asilimia ngapi ya madau ya mtu huyo imekwenda kwa muuzaji huyuhuyu. Ukiona mtu ameweka madau mengi mwezi mzima, karibu yote kwa muuzaji mmoja, na bado kila mara anaishia wa pili, funga ukurasa huo, uripoti, kamera utaipata kwingine.